Riwaya Nyepesi za Mapenzi ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilianza kusoma riwaya hizi nikiwa kidato cha pili, na hadi leo karibu kila ninayemwazima kimoja hunirudia na maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kufungua hata kimoja hadi ya yule aliyekwisha nogewa. Huna haja ya kuyasoma kwa mfuatano. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimekuelekeza.

## Mambo ya mwanzo

Riwaya nyepesi ya mapenzi ya kihistoria ni kitabu cha namna gani?

Ni kisa cha mapenzi kilichowekwa zamani, mara nyingi Uingereza ya karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Wawili wanaanza vibaya, pengine kwa kudharauliana, na mwishoni wanaoana. Njiani kuna shangazi mwenye mdomo, mdogo wa kiume aliyekopa pesa asizoweza kulipa, barua iliyoangukia mikononi mwa asiyehusika, na dansi ambayo kila mtu anamwangalia kila mtu.

Neno "nyepesi" huwapotosha watu. Kupika chapati laini ni kazi ngumu kuliko kupika ngumu, na ndivyo ilivyo hapa. Kitabu hiki humfanya msomaji acheke huku akimhofia binti wa watu asije akapotea, na mambo hayo mawili kuyaweka kwenye ukurasa mmoja kunahitaji ufundi ambao waandishi wengi wazito hawana. Hilo ndilo jambo ninalolishikilia katika majibu yote yanayofuata.

Rijensi ni nini, na kwa nini vitabu vingi hivi vinarudi huko huko?

Mfalme George wa Tatu aliugua akili, na mwezi Februari 1811 mwanawe mkubwa akapewa madaraka ya kukaimu ufalme. Alikaimu hadi baba yake alipofariki Januari 1820, naye akawa George wa Nne. Miaka hiyo tisa ndiyo Rijensi. Wasomaji huivuta kidogo nyuma na mbele, lakini kiini chake ni hicho.

Ni kipindi kifupi chenye mambo mengi kupita kiasi. Kaimu mfalme mwenyewe alikuwa mtu wa anasa na madeni, aliyejijengea kasri la makuba pale Brighton. Vita na Napoleon vilikuwa vikiendelea hadi Waterloo, 18 Juni 1815, kwa hiyo mwandishi ana maofisa wa jeshi wa kutosha, wazima na waliojeruhiwa. Mwaka 1816 jua lenyewe lilikataa kutoka, kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815 na majivu yake yakaharibu hali ya hewa ya Ulaya. Mwandishi akitaka mvua iwafungie wapenzi ndani ya nyumba mwezi Julai, historia inampa bila ubishi.

Halafu kuna jambo la mwendo. Treni za abiria bado. Habari inakwenda kwa kasi ya farasi. Mtu akikosea leo, atakayeweza kumrekebisha yuko siku mbili mbali, na ndani ya siku mbili hizo kisa kinakua.

Nani alianzisha aina hii ya vitabu?

Wengi hujibu Jane Austen, na si kweli kabisa. Austen, ambaye *Pride and Prejudice* yake ilitoka 1813, alikuwa akiandika juu ya watu wa wakati wake. Kwake hiyo haikuwa historia, ilikuwa majirani. Alichowaachia waliomfuata ni sauti: ile namna ya kumwacha mtu mjinga aongee mpaka ajiumbue mwenyewe.

Aliyeijenga nyumba hii ni Georgette Heyer, aliyezaliwa Wimbledon mwaka 1902. Kitabu chake cha kwanza, *The Black Moth*, kilianza kama hadithi ya kumliwaza mdogo wake wa kiume aliyekuwa mgonjwa, kikachapishwa 1921. Mwaka 1935 akatoa *Regency Buck*, na kuanzia hapo Rijensi ikawa yake. Aliandika vitabu zaidi ya 50, akakataa maisha yake yote kuhojiwa na magazeti, akafariki 1974.

Kuna kipande cha maisha yake ambacho kila nikikisimulia hapa kwetu watu hunitazama mara mbili. Mume wake alikuwa mhandisi wa migodi, na kazi ikamleta Tanganyika. Heyer akamfuata mwaka 1927. Waliishi porini, kwenye kibanda cha mabingobingo, na ndani ya kibanda hicho, mbali na maktaba yoyote, akaandika *The Masqueraders*, iliyotoka 1928: kisa cha kaka na dada wa karne ya 18 wanaobadilishana mavazi, kaka akijifanya mwanamke na dada akijifanya mwanamume, ili kuficha kwamba familia yao ilikuwa upande wa waasi. Dansi za London, mapanga, poda za nywele, vyote vilitoka kichwani mwa mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye nyasi za Tanganyika. Mimi nikisoma kitabu kile siwezi kuzuia kuusikia usiku wa huku nyuma ya muziki wa vinanda.

Kama najua tangu mwanzo kwamba wataoana, kuna raha gani ya kusoma?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Nenda kwenye harusi yoyote. Kila aliyekaa ukumbini anajua itakavyoisha, na bado bibi harusi anapoingia watu wanasimama, wengine wanalia. Hawakuja kujua *kama*, wamekuja kuona *namna*.

Kwenye riwaya hizi mwandishi na msomaji wamepeana ahadi mapema: hawa wawili watapatana. Ahadi hiyo inamwachia mwandishi uhuru mkubwa. Anaweza kumwingiza binti kwenye aibu, kwenye deni, kwenye uchumba na mtu asiyefaa, na sisi tunakubali kufuata kwa sababu tunajua hatatupwa. Bila ahadi hiyo, nusu ya mambo yanayotuchekesha yangetutisha. Tena, kwa kuwa mwisho hauna siri, macho yanabaki huru kuona vitu vidogo: nani alinyamaza alipotajwa nani, nani alikumbuka kwamba mwenzake hapendi chai ya sukari.

Ukitaka kujua mwisho huo una uzito gani, ruka hadi swali la mwisho kabisa.

Nianze na kipi?

Anza na *Frederica* ya Heyer (1965) au *Cotillion* (1953). Ya pili ina jambo ninalolipenda mno: anayeshinda si yule mwanamume mzuri mwenye macho ya kuchoma, na sitasema zaidi. Ukitaka Kiingereza rahisi na mwendo wa haraka, *The Duke and I* ya Julia Quinn (2000) itakufaa. Ndiyo iliyozaa tamthilia ya *Bridgerton* iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2020. Usianze na vita. Heyer ana kitabu kizima juu ya Waterloo, *An Infamous Army* (1937), kizuri sana, lakini mtu mgeni atachoka na vikosi kabla hajampenda mtu yeyote.

## Ndoa, pesa na jina

Kwa nini mabinti wote hawa hawana wanalowaza ila kuolewa?

Kwa sababu sheria haikuwaachia mengi ya kuwaza. Mwanamke wa Uingereza wa wakati ule akiolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mume: pesa taslimu, mapambo, hata mshahara kama alikuwa nao. Sheria za kumrudishia haki hiyo zilikuja 1870 na 1882, miaka mingi baada ya Rijensi. Mashamba makubwa yalirithiwa na mtoto wa kiume wa kwanza. Binti wa watu wa heshima asiyeolewa alibaki na njia mbili: kukaa kwenye nyumba ya kaka yake, akivumilia wifi, au kwenda kuwa mwalimu wa ndani kwa watoto wa wengine.

Kwa hiyo anapokaa sebuleni akichagua kati ya bwana huyu na yule, anachagua atalala wapi miaka 40 ijayo, na nani atashika ufunguo wa kabati. Ukilifahamu hilo, mzaha wake unabadilika ladha. Anacheka akiwa amesimama ukingoni mwa shimo. Ndiyo maana nampenda.

Mahari yao yanakwenda upande gani? Nasoma nachanganyikiwa.

Yanakwenda kinyume na tulivyozoea. Kwetu, upande wa mume ndio unaotoa: iwe ng'ombe kwa wazazi, iwe mahari ya Kiislamu ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Kwao, baba wa binti ndiye aliyetoa fungu kwenda kwenye ndoa. Unaposoma kwamba binti fulani "ana pauni elfu kumi", maana yake ni hizo anazokuja nazo, na ndizo zinazowavuta wanaume wenye madeni kama nzi kwenye embe.

Kabla ya harusi, mawakili wa pande mbili waliandika mkataba: binti atapata posho kiasi gani ya matumizi yake, akifiwa na mume atabaki na nini, watoto wadogo watagawiwa nini. Baba mwenye akili alipigania mkataba huo kwa meno, maana ulikuwa karibu ngao pekee ya binti dhidi ya sheria niliyoieleza hapo juu. Mshenga hawakuwa naye kwa jina, lakini kazi yake ilifanywa: na mashangazi kwa maneno, na mawakili kwa karatasi.

Gretna Green ni wapi, na kwa nini wapenzi wanakimbilia huko usiku?

Ni kijiji cha Scotland, cha kwanza kukikuta ukivuka mpaka kutoka England kwa barabara ya magharibi. Sheria ya ndoa ya 1753 ilibana mambo England: ndoa ifungwe kanisani, itangazwe Jumapili tatu au ipatikane leseni, na aliye chini ya miaka 21 asiweze kupata leseni bila ridhaa ya mzazi. Scotland haikuguswa na sheria hiyo. Huko, wawili wakitamka mbele ya mashahidi wawili kwamba wanaoana, wameoana. Mhunzi wa kijiji alitosha kusimamia, na ndiyo maana nyundo na fuawe vinatajwa sana.

Kutoka London ni zaidi ya kilomita 500 za gari la farasi, kubadilisha farasi vituoni usiku na mchana, baba au kaka akifuata nyuma. Mwandishi wa kuchekesha anaipenda safari hii kwa sababu mapenzi hayavumilii matope. Kufikia kituo cha tatu, bwana harusi mtarajiwa ameugua tumbo, binti amegundua kwamba jamaa hajachukua pesa za kutosha, na shujaa wa kweli anawakuta wakigombania blanketi. Mchezo huu uliendelea hadi 1856, sheria ilipotaka mmoja wa wawili hao awe amekaa Scotland siku 21 kwanza.

Mtu anaharibikiwaje kwa kucheza dansi tu?

Mambo yalikuwa hivi: binti akicheza na mwanamume mmoja zaidi ya mara mbili usiku mmoja, ukumbi mzima unaanza kunong'ona kwamba wamechumbiana. Kama hawajachumbiana, ama jamaa anashinikizwa, ama binti anaonekana mwepesi. Kukutwa naye peke yao bustanini ni kesi kubwa zaidi.

Juu ya kumbi zote ilikuwa Almack's, iliyofunguliwa King Street, London, mwaka 1765. Kila Jumatano ya msimu kulikuwa na dansi, na tiketi zilitolewa na kamati ya mabibi wachache waliokaa wakipitia majina. Pesa peke yake haikukuingiza. Duke wa Wellington mwenyewe, yule aliyemshinda Napoleon pale Waterloo, husimuliwa, alizuiwa mlangoni. Na ukishaingia unakuta nini? Limonadi, chai, na mikate iliyopakwa siagi. Watu walilia usiku kucha kwa kukosa nafasi ya kwenda kula mkate na siagi, kwa sababu kilichogawiwa pale hasa kilikuwa jina.

Mtu aliyekulia mtaa wetu haelezwi sana jambo hili. Anajua baraza ya wazee ikitazama nani kapita na nani, saa ngapi, na kanga gani.

Kwa nini barua zao zina fujo hivyo?

Kabla ya 1840, anayepokea barua ndiye aliyelipa, na karatasi ya pili iliongeza bei. Kwa hiyo waliandika ukurasa mzima, wakaugeuza, wakaandika tena kukatiza mistari ya kwanza. Binti anaposhindwa kusoma kama dada yake ameandika "nimemkubali" au "nimemkataa", mwandishi hajatunga upuuzi.

## Huo wepesi wenyewe

Vinachekesha kwa njia gani? Nimesoma kimoja sikuona cha kucheka.

Pengine ulisoma haraka. Kicheko chake hakiko kwenye kuanguka na kupigana makofi. Kiko kwenye pengo kati ya adabu ya maneno na hali halisi. Nitakuonyesha mahali pamoja.

Katika *Frederica*, dada mkubwa anayelea wadogo zake wasio na wazazi anamtoa mbwa wao matembezini London. Mbwa ni jibwa la shambani, la mchanganyiko usiojulikana. Pale Green Park kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mbwa anawatimua. Wachungaji na walinzi wanataka mbwa auawe. Frederica, akiwa amebanwa, anajibu kwa utulivu wa malkia kwamba huyu ni mbwa adimu sana, aina ya Barcelona, na mwenyewe ni lodi fulani, ndugu wa mbali ambaye hawajazoeana kiasi hicho. Kundi zima linakokotana hadi nyumbani kwa lodi huyo: mwanamume mwenye uchoshi na ubinafsi, ambaye maishani hajawahi kujisumbua kwa ajili ya mtu. Anasikiliza. Anamtazama mbwa. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuchoshwa, anamsahihisha: si Barcelona, ni Baluchistan.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Hakuna aliyeshika mkono wa mwenzake, hakuna mwezi. Mwanamume mvivu amekubali kudanganya hadharani kwa ajili ya mbwa asiye wake, na amefanya hivyo kwa kuurefusha uongo wa binti hatua moja zaidi. Wamekutana akili kwa akili. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi mno, na kila mara nacheka mahali pale pale na kuguswa mahali pale pale.

Ni vitabu vya wanawake tu?

Wanawake ndio wengi wanaovisoma na kuviandika. Wanaume wanaovisoma nao wapo; baba yangu mdogo alimaliza *Cotillion* yangu kabla yangu.

Watu wananiambia napoteza muda na vitabu vya kijinga. Niwajibu nini?

Waeleze kisa cha yule mfungwa. Mwanamke mmoja wa Romania alikaa gerezani miaka 12 kwa sababu za kisiasa. Alipotoka alimwandikia Heyer barua: muda wote ule alikuwa akiwaliwaza wafungwa wenzake kwa kuwasimulia *Friday's Child*, riwaya ya 1944, kutoka kichwani, tena na tena. Ni kisa cha kijana tajiri asiye na busara aliyemwoa binti mdogo kwa hasira za kukataliwa na mwingine. Mambo ya kofia, madeni ya kamari na marafiki wapumbavu wenye moyo mzuri.

Ndani ya seli, watu ambao hawakujua kama wataiona kesho waliomba wasimuliwe hicho. Mimi sina hoja ya kuiongezea barua ile.

Tofauti yake na vitabu vya Mills & Boon ni ipi?

Mills & Boon ni jina la mchapishaji, lililoanza London 1908, na linachapisha mapenzi ya kila namna, yakiwemo ya kihistoria. Sisi tumeligeuza kuwa jina la aina nzima, kama tunavyoita kila kalamu Bic. Baadhi ya vitabu vyake ni vyepesi kwa maana niliyoieleza, vingi ni vya machozi.

Vina mambo ya chumbani? Nataka kumpa binti yangu wa sekondari.

Vya Heyer havina. Mwisho kabisa ni busu, na baadhi yake hata hilo linakuja ukurasa wa mwisho. Vilivyoandikwa kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea vinatofautiana sana. Quinn, kwa mfano, anaingia chumbani na mlango hafungi. Soma mwenyewe kwanza.

## Historia yake ni ya kweli kiasi gani?

Je, naweza kujifunza historia humo?

Unaweza kujifunza vitu: nguo, magari, vyakula, bei, barabara. Heyer aliweka madaftari ya michoro na msamiati, na alikasirika aliponakiliwa na waandishi ambao hawakuelewa walichokinakili. Humo nilijua kuhusu Beau Brummell, mtu asiye na cheo aliyewafundisha wanaume wa London kuvaa nguo safi za rangi tulivu na kitambaa cha shingoni kilichokandwa kwa wanga. Husimuliwa kwamba mgeni alimkuta mtumishi wake akishuka ngazi na lundo la vitambaa vilivyokunjamana, akauliza ni vya nini. Ni vile tulivyokosea, akajibiwa. Mtu huyo alikimbilia Ufaransa 1816 kwa madeni ya kamari, akafia huko 1840 akiwa fukara aliyepotewa na akili. Riwaya humwacha pale alipokuwa aking'aa.

Ambacho huwezi kujifunza ni idadi. Maduke wa kweli wa Uingereza, yaani wenye cheo cha juu kabisa cha kiungwana, wakati ule hawakufika hata 40, na wengi walikuwa wazee, wameoa. Ukijumlisha maduke vijana, warefu, wasio na wake waliomo riwayani, wangejaa uwanja wa mpira. Na meno yao yote ni mazima.

Utajiri wao ulitoka wapi? Sisikii kitu kuhusu watumwa.

Umeuliza vizuri, na naomba usiache kuuliza. Sehemu ya majumba yale ilisimama juu ya sukari ya visiwa vya Karibiani, na sukari ile ilisimama juu ya Waafrika waliotekwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku kwa Waingereza mwaka 1807, kwa hiyo Rijensi ilikuja baada yake; utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea hadi sheria ya 1833, ambayo iliwalipa wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20 na haikuwalipa watumwa hata senti. Austen aligusa jambo hili: baba wa nyumba katika *Mansfield Park* (1814) ana mashamba Antigua.

Waandishi wa zamani wa aina hii walinyamaza kabisa, na ukimya huo ni dosari. Heyer ana dosari nyingine pia: katika *The Grand Sophy* (1950) kuna Myahudi mkopeshaji aliyechorwa kwa chuki ya wazi, na sehemu hiyo siwezi kuitetea wala sijaribu. Ninamwambia kila ninayemwazima kitabu kile, kabla hajakifungua. Waandishi wa sasa wengi wanaingiza jambo la sukari, na waliofanikiwa wamegundua kwamba kicheko hakikufa. Kimepata kazi zaidi ya kufanya.

Watu weusi walikuwepo London ya wakati ule, au ni mambo ya televisheni?

Walikuwepo: mabaharia, askari, watumishi, mafundi, wanamuziki. Anayejulikana zaidi kati ya waliolelewa na watu wa juu ni Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa 1761, mama yake mtumwa na baba yake ofisa wa jeshi la majini. Alikulia Kenwood, nyumba ya jaji mkuu Lord Mansfield, mjomba wa baba yake, akaolewa 1793, akafariki 1804. Duke mweusi hakuwepo, hilo ni la televisheni. Lakini anayesema barabara za Rijensi zilikuwa na weupe watupu ndiye anayetunga.

## Kwetu

Je, mtu anaweza kuandika riwaya kama hizi kwa Kiswahili, akaziweka pwani ya karne ya 19?

Malighafi ipo tele. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kumwusia binti yake namna ya kuishi na mume. Mwandishi mchangamfu angeanza na binti aliyeusikia utenzi wote na ana maswali. Kuna washenga, kuna makungwi, kuna barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kuna madirisha ambayo mtu anaona bila kuonwa. Na kila kitu nilichosema juu ya jina na macho ya watu (rudi kwenye swali la dansi) kinafanya kazi Unguja na Lamu bila kubadilishwa.

Ugumu uko mara mbili. Kwanza, kisa cha kweli kinachojulikana zaidi hakikuwa chepesi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa 1844, akapendana na jirani yake Mjerumani, akatoroka Unguja mwaka 1866, akafunga naye ndoa Aden 1867, na mwaka 1870 huyo mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akimwacha ugenini na watoto wadogo watatu. Anayetaka kumfanya Salme kisa cha kuchekesha namwomba amwache apumzike.

Pili, soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Riwaya nyepesi iliyowekwa Mji Mkongwe kabla ya hapo ina swali la sukari mlangoni mwake: nani anachota maji ya kuoga bi harusi, na alifikaje pale? Mwandishi atakayempa huyo mchotaji maji jina, ulimi mkali na mapenzi yake mwenyewe ndiye ninayemsubiri. Ningekuwa wa kwanza kununua.

Nimenunua kitabu cha mtumba na kurasa za mwisho hazipo. Nifanyeje, na kuna haja gani kama mwisho unajulikana?

Ilinitokea. Nilikinunua kando ya barabara Dar es Salaam, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, nikakisoma usiku mmoja hadi binti aliposhuka ngazi na kumkuta anayempenda amesimama ukumbini, kofia mkononi, akafungua mdomo kusema. Hapo ukurasa ukaisha na jalada la nyuma likaanza. Zilikosekana karatasi tatu.

Nilijua kila kitu. Nilijua kwamba atamwomba, kwamba atakubali. Na bado nilizunguka kwa wauza vitabu miezi minane nikiuliza jina lile, mpaka muuzaji mmoja, mzee aliyekwisha nichoka, akaniwekea nakala chini ya meza yake. Sikwenda nayo nyumbani. Nilifungua nyuma pale pale, nimesimama, dala dala zikipita.

Yule mwanamume alikuwa amefungua mdomo kumwambia kwamba viatu vyake mwenyewe vina matope na anaharibu zulia la shangazi. Yule binti akamjibu kwamba zulia ni baya na amekuwa akilichukia tangu alipofika. Basi. Ndivyo walivyochumbiana.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujalipa, geuza kitabu, hesabu karatasi za mwisho kwa kidole, hakikisha sentensi ya mwisho ina nukta.